Vidonge vya saratani: saa moja asubuhi, saa moja usiku

Barua nne za toleo hili zimetoka Wete, Mkokotoni, Jang'ombe na Micheweni, na zote zinagusa dawa moja: olaparibu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lynparza lililoandikwa kwenye boksi. Ni dawa ya kumeza ambayo hutumiwa, miongoni mwa mengine, kutibu saratani ya mfuko wa mayai na saratani ya matiti kwa wagonjwa wa aina maalumu. Nimezijibu kama mfamasia, na majina ya waandishi tumeyaficha. Uamuzi juu ya tiba ya mtu mmoja mmoja unabaki kwa daktari wake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye faili mbele yake.

*Assalaamu alaykum. Mimi ni mama wa miaka 56, naishi Wete. Nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya mfuko wa mayai, kisha nikatundikiwa dripu Dar es Salaam mara sita, na vipimo vikaonesha kuwa ugonjwa umerudi nyuma sana. Sasa nimepewa vidonge vya olaparibu, viwili asubuhi na viwili usiku, kwa muda wa miaka miwili. Hii ni wiki ya tatu. Kichefuchefu hakiniachi na mwili umechoka hata kufagia uwanja siwezi, kwa hivyo nimeanza kumeza kimoja kimoja. Mwanangu ananigombeza, lakini jirani yangu anasema vidonge havina nguvu kama dripu, na kupunguza hakuna neno. Tena nimetakiwa kupima damu kila mwezi, na nauli ya kuvuka kila mara inanishinda. Nifanye nini?*

Waalaykum salaam, na shikamoo mama yangu. Nianze na la jirani, kwa sababu ndilo lililokupeleka kwenye kimoja kimoja. Dripu huingia mwilini mbele ya muuguzi, kwa siku iliyopangwa, na damu hupimwa kabla ya chupa kutundikwa. Kidonge unakimeza nyumbani kwako kwa glasi ya maji, na hapana mtu anayekuangalia. Hilo ndilo linalowafanya watu wakione kidonge kuwa dawa nyepesi, na si nyepesi hata kidogo. Kazi aliyokuwa akiifanya muuguzi, ya kuhesabu dozi, kuangalia saa na kufuatilia damu, imehamia mikononi mwako na mwa mwanao, na kwa hilo namshukuru mwanao kwa kukugombeza.

Ili uone nguvu ya dawa hii ilipo, fikiria jahazi. Baharini mbao zake hulegea na maji yakaanza kupenya, kwa hivyo huhitaji fundi wa kalafati anayejaza pamba yenye mafuta katika maungio, na huhitaji pia fundi mkuu anayebadilisha ubao uliovunjika. Seli ya mwili nayo hupata nyufa katika vinasaba vyake kila siku. Fundi wa kalafati ni kimeng'enya kiitwacho PARP, na fundi mkuu hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni mbili zinazoitwa BRCA1 na BRCA2. Kwa mtu aliyezaliwa na hitilafu katika mojawapo ya jeni hizo, seli za saratani huwa zimekwisha mpoteza fundi mkuu na zinaishi kwa kalafati tu. Olaparibu humfunga mikono fundi wa kalafati, nyufa zikazidi, na seli ya saratani ikazama. Seli nzima za mwili bado zina nakala moja ya jeni iliyo salama, yaani bado zina fundi mkuu, ndiyo maana huweza kustahimili.

Kazi hiyo inataka dawa iwepo katika damu usiku na mchana kwa kiwango cha kutosha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wanawake 391 wenye saratani ya mfuko wa mayai iliyosambaa na wenye hitilafu ya BRCA, ambao tibakemikali, yaani dripu kama zile zako, ilikuwa imewafaa kama ilivyokufaa wewe, waligawanywa: baadhi walipewa olaparibu na baadhi kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka 3, wanawake 60 katika kila 100 waliopewa dawa walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele. Kwa wenzao walikuwa 27. Matokeo hayo yalipatikana kwa dozi ya kuanzia ya miligramu 300 mara mbili kwa siku, ambayo ni hiyo hiyo uliyoandikiwa wewe, vidonge viwili vya miligramu 150 asubuhi na viwili usiku.

Sisemi kwamba dozi haipunguzwi. Hupunguzwa, na wengi wamepunguziwa bila ya kupoteza faida, lakini kwa hatua zinazojulikana: kutoka miligramu 300 hadi 250, na ikibidi hadi 200, kila mara ikiwa ni mara mbili kwa siku. Hatua hizo hufanywa kwa vidonge vya miligramu 100, ambavyo katika dawa ya Lynparza ni vya rangi ya njano na vimechorwa OP100, tofauti na vile vya kijani vilivyochorwa OP150 ambavyo nadhani ndivyo ulivyonavyo. Ukimeza kimoja cha kijani badala ya viwili umeshuka hadi 150, chini ya hatua ya mwisho, na hakuna daktari aliyekuagiza hivyo. Mpigie simu daktari wako leo, umwambie kwa uwazi ulichofanya na tangu siku gani. Hatakulaumu, anahitaji kujua ili apange upya.

Kichefuchefu, mama, kwa wengi huwa kikali katika mwezi wa mwanzo, kisha hupungua. Dawa hii humezwa ukiwa umekula au hujala, kwa hivyo jaribu kuitanguliza na uji au kipande cha mkate, kula kidogo kidogo mara nyingi, na kunywa chai ya tangawizi ikiwa tumbo lako linaikubali. Ikiwa hayo hayatoshi, zipo dawa za kuzuia kutapika na ni haki yako kuziomba. Ukitapika baada ya kumeza, usirudie dozi. Subiri saa ya dozi inayofuata. Ukisahau, fanya vivyo hivyo: iache iliyopita na umeze inayofuata kwa wakati wake, wala usiongeze ili kufidia. Saa zetu za Kiswahili zimerahisisha jambo hili, kwani ukichagua saa moja asubuhi na saa moja usiku umeshapata masaa kumi na mawili baina ya dozi, na hapana hesabu ya kukumbuka. Vidonge vimezwe vizima, visitafunwe, visisagwe wala visikatwe.

Uchovu wako unanishughulisha zaidi, kwa sababu dawa hii huzuia uboho kutengeneza damu ya kutosha, na upungufu wa damu ni miongoni mwa madhara yake makubwa. Anayeshindwa kufagia uwanja aliokuwa akiufagia mwezi uliopita huenda damu yake imeshuka, na hilo halionekani kwa macho wala halitibiwi kwa kupumzika. Damu ikishuka sana, daktari husimamisha dawa kwa muda, humwongezea mgonjwa damu inapolazimu, kisha humrudisha kwenye dozi ndogo. Kipimo cha kila mwezi, kinachotakiwa kwa miezi 12 ya mwanzo, hutazama pia chembe nyeupe zinazopigana na maradhi na chembe za kugandisha damu. Na mara chache sana hugundua mapema ugonjwa wa uboho au saratani ya damu, ambayo ni madhara adimu lakini ya hatari. Kwa hivyo kipimo hicho kisirukwe, lakini si lazima kila mara uvuke bahari kwa ajili yake. Picha kamili ya damu ni kipimo cha kawaida, na hospitali kubwa za Pemba hukifanya. Mwombe daktari wako barua inayotaja kipimo na tarehe, upime Wete au Chake Chake, na mwanao ampelekee picha ya majibu kwa simu siku hiyo hiyo. Kisha mkubaliane ni mara ngapi lazima uonane naye ana kwa ana. Katikati ya mwezi, usingoje tarehe ukipata homa, kikohozi kipya, kukosa pumzi, maumivu ya kifua, au damu inayotoka bila ya sababu. Nenda hospitali, uende na chupa yako ya vidonge.

Mambo mawili nisiyotaka kuyaacha. La kwanza ni balungi na danzi: matunda hayo, na maji yake, huzuia ini lisiivunje dawa, ikajazana mwilini, kwa hivyo yaache kwa muda wote wa tiba. Machungwa matamu na machenza hayana tatizo hilo. Baadhi ya dawa za hospitali nazo hufanya kama balungi, mfano flukonazoli ya fangasi na klarithromaisini. Nyengine hufanya kinyume, zikaiondoa olaparibu mwilini kabla haijafanya kazi, kama rifampisini ya kifua kikuu na kabamazepini ya kifafa. Dawa za miti na unga wa madukani uzitaje pia kwa daktari, kila moja kwa jina lake, hata kama aliyekupa ni mtu unayemwamini. La pili ni uhifadhi. Niliwahi kuletewa dirishani vidonge vilivyofungwa katika pindo la kanga, kwa nia njema ya kutosahau safarini, na viwili vilikuwa vimeshalowa jasho na kuchujuka rangi. Dawa hii huogopa unyevu. Ikae katika chupa au paketi yake, mbali na jiko na dirisha la masika.

*Mke wangu ana miaka 34. Alipatikana na saratani ya titi, akapasuliwa, akamaliza tibakemikali, na sasa ameandikiwa olaparibu kwa mwaka mmoja baada ya kipimo cha jeni kuonesha hitilafu ya BRCA2. Nyumbani kumeingia maneno: wazee wangu wanasema amekuja na nuksi kutoka kwao, na kwamba mabinti zetu wawili watarithi kwa mama yao. Tunapenda kupata mtoto mwengine. Naomba unieleze ukweli. Mkokotoni.*

Ndugu yangu, umeuliza kwa heshima juu ya mkeo, nami nitakujibu kwa uwazi ule ule. Hitilafu ya jeni haina uhusiano na nuksi, hasadi wala chakula alichopikiwa. Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionesha kwamba saratani ya matiti katika baadhi ya familia inafuata sehemu maalumu ya vinasaba. BRCA1 yenyewe ikapatikana mwaka 1994, na BRCA2 mwaka uliofuata. Tangu hapo inajulikana kwamba mtu huweza kuipokea hitilafu hiyo kutoka kwa baba sawasawa na kutoka kwa mama, na kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi moja katika mbili ya kuirithi. Huenda mkeo aliipata kwa baba ambaye hajaugua maisha yake yote. Tafadhali lifikishe hilo kwa wazee wako, wewe mwenyewe, mkeo akiwa hayupo, ili asilazimike kujitetea akiwa mgonjwa.

Mabinti zako wakiwa wadogo hawapimwi, kwani hakuna cha kuwafanyia utotoni. Hungojwa wafike utu uzima na wachague wenyewe. Wa kufikiriwa sasa ni dada na kaka za mkeo. Mwanamke mwenye hitilafu hii ana uwezekano wa zaidi ya 60 katika 100 wa kupata saratani ya matiti katika maisha yake, na hatari ya saratani ya mfuko wa mayai nayo huwa juu kuliko ya wanawake wengine. Akijijua mapema huchunguzwa kila mwaka, na akishamaliza uzazi huweza kushauriwa kuondolewa mifuko ya mayai kabla haijaugua. Wanaume nao hawakusalimika, kwa kuwa BRCA2 huongeza saratani ya tezi dume, na mara chache ya titi la mwanamume.

Kuhusu mtoto, subirini. Dawa hii huweza kumdhuru mtoto tumboni, na mwanamke hutakiwa asishike mimba anapoitumia na kwa miezi 6 baada ya kidonge cha mwisho. Vilevile asinyonyeshe mpaka upite mwezi mmoja. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango havifai kwa wengi waliougua saratani ya titi, na olaparibu huweza kuvipunguzia nguvu, kwa hivyo ulizeni juu ya kondomu au kitanzi cha shaba. Mwaka mmoja na nusu ni mrefu kwa watu wenye hamu ya mtoto, naelewa. Lakini katika utafiti wa mwaka 2021 wa wagonjwa 1,836 wa saratani ya titi ya mapema walio kama mkeo, waliokuwa hai bila ugonjwa kurejea baada ya miaka 3 walikuwa karibu 86 katika kila 100 kwa waliotumia dawa, na 77 kwa wasioitumia. Hao tisa ndio mnaowasubiria.

*Mama yangu anatumia olaparibu na ameapa kwamba mwezi wa Ramadhani atafunga, atameza futari na daku. Je, inawezekana? Jang'ombe.*

Mwanangu, tufanye hesabu pamoja. Kwetu, kutoka adhana ya magharibi hadi mwisho wa daku hupita kama masaa kumi na nusu, na yanayobaki hadi futari inayofuata ni kumi na matatu na nusu. Dozi mbili zinaingia humo, ingawa hazitalingana. Shida kubwa zaidi iko kwenye maji: mgonjwa anayetapika au kuharisha, ambaye damu yake imeshuka, hawezi kukaa mchana kutwa bila ya kunywa pasi na kujiweka hatarini, na figo zikizidiwa dawa hujazana mwilini. Ninavyoona mimi, aliye katika miezi ya mwanzo ya tiba, au ambaye hemoglobini yake imepungua, asifunge. Aliyetulia kwa muda mrefu, damu nzuri na tumbo limetua, azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa kuamkia mfungo.

Kwa upande wa dini, aya ya 184 ya Suratul Baqara imemtaja mgonjwa waziwazi katika waliopewa ruhusa. Mpeleke mama kwa shekhe anayemwamini, akiwa na maelezo ya daktari mkononi, na suala la kulipa au fidia limalizwe hapo. Mara nyingi mzee huyakubali kwa shekhe ayakataayo kwa mwanawe.

*Mama yetu ana saratani ya titi iliyofika kwenye mifupa. Anatumia tamoksifeni. Mtu ametutumia maelezo ya olaparibu kwenye simu, na ndugu tumekubaliana kuuza shamba la mikarafuu tuinunue nje ya nchi. Hajapimwa jeni. Micheweni.*

Ndugu zangu, msiuze shamba mwezi huu. Nayaandika haya nikijua kwamba mikarafuu ikishauzwa hairudi, na kwamba mapenzi yenu kwa mama ndiyo yanayowaharakisha.

Dawa hii, kwa saratani ya titi, imekusudiwa mgonjwa ambaye uvimbe wake hauna protini nyingi ya HER2 na ambaye amezaliwa na hitilafu ya BRCA. Saratani za matiti zinazotokana na kurithi ni kama 5 hadi 10 tu katika kila 100, kwa hivyo uwezekano mkubwa ni kwamba mama yenu hana hitilafu hiyo, na fundi mkuu akiwepo, kumfunga mikono fundi wa kalafati hakutarajiwi kuzamisha jahazi. Hata kwa wanaostahiki, saratani ikiwa imeshasambaa, olaparibu haiiondoi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 nusu ya wagonjwa walikaa miezi 7 au zaidi kabla ya ugonjwa kusonga mbele, na wenzao waliopewa tibakemikali ya kawaida walikaa miezi 4.2. Ni faida ya kweli, na ni ya miezi.

Fanyeni hivi. Chukueni jibu la kinyama alichokatwa mama, mtazame palipoandikwa HER2 na vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli ya saratani zinazopokea homoni za kike. Kuandikiwa kwake tamoksifeni, ambayo huviziba vipokezi hivyo, kunaonesha kwamba vipo, na dawa hiyo ya bei nafuu, ikimezwa kila siku bila ya kukosa, inaweza kuushika ugonjwa kwa muda mrefu. Kisha mwende na jibu hilo kwa daktari wake, ikiwa ni Mnazi Mmoja au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, mumuulize maswali matatu: je, tamoksifeni bado inamfanyia kazi, je, kwa umri wake na historia ya ukoo wetu, anahitaji kipimo cha BRCA, na kipimo hicho, ambacho ni cha damu au mate, kitachukuliwa wapi na kwa gharama gani. Muulizeni pia juu ya maumivu ya mifupa, kwa sababu barua yenu haikuyataja na huenda mama anayaficha. Jibu la jeni likirudi na hitilafu, niandikieni tena, tutazungumza juu ya dawa na juu ya shamba.